Fuvu Lifunguliwe au Lisifunguliwe?



Barua ya leo imetoka Kanzenze, huko juu ya Gisenyi kwenye viazi na baridi. Ni ndefu, nitaifupisha. Mwandishi anasema shangazi yake alianza kwa kope la jicho moja kuanguka, likakataa kunyanyuka. Akapelekwa mpaka Kigali, akapigwa picha, akaambiwa ana mshipa wa damu uliovimba ndani ya kichwa. Mkubwa, wenye shingo pana. Madaktari wakashauri fuvu lifunguliwe. Familia ikampigia simu jamaa aliyeko Ubelgiji, naye akawaambia mambo ya kupasua kichwa yamepitwa na wakati: huko aliko wanaingiza mrija kwenye kinena, wanaupandisha mpaka ubongoni, na baada ya siku chache mgonjwa yuko nyumbani anakunywa chai. Sasa ndugu yetu anauliza: je, madaktari wa kwetu wamebaki nyuma?

Mimi ni mtu wa redio, si daktari, na siwezi kumtibu shangazi wa mtu kwa maikrofoni. Lakini swali lenyewe naweza kulijibu. Hapana, si lazima wawe wamebaki nyuma. Tena kuna sababu ya kusema kwamba kisu hicho ambacho jamaa wa Ubelgiji anakidharau ndicho sehemu hii ya dunia inapaswa kukishika vizuri zaidi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Madaktari wanauita aneurizimu. Chini ya ubongo, nyuma ya macho, ateri kubwa zinazopanda kutoka shingoni zinakutana na kufanya mzunguko, na kutoka hapo zinatawanyika. Kwenye maungio hayo damu inagonga ukuta wa mshipa usiku na mchana. Mahali ambapo ukuta ni dhaifu, unaanza kutuna. Mmeona tyubu ya baiskeli iliyochoka, inavyochomoza kidonda cha mpira upande mmoja wakati mtu anaijaza upepo? Ndivyo hivyo. Kifuko kinakua, ukuta wake unazidi kuwa mwembamba, na mwenye nacho hana habari.

Si ugonjwa wa watu wachache. Watafiti waliojumlisha vipimo vya nchi nyingi wanakadiria kuwa watu wazima kama 3 kwa kila 100 wanatembea na kifuko cha namna hiyo, na wengi watazeeka na kufa kwa mambo mengine bila kukijua. Balaa ni kinapopasuka. Damu inamwagika kuuzunguka ubongo, na mtu anashikwa na maumivu ya kichwa yasiyofanana na yoyote aliyowahi kuyapata, yakafika kileleni ndani ya sekunde chache. Wengine wanatapika, shingo inakakamaa, wengine wanazimia hapo hapo. Karibu theluthi moja ya wanaopasukiwa hufa, na miongoni mwa wanaobaki wengi hubaki na ulemavu au akili isiyorudi sawasawa.

Kwa miaka mingi vitabu vya kitabibu vilidai kwamba Waafrika hawapati sana ugonjwa huu. Dai hilo lilikuwa rahisi kulitoa mahali ambapo hapakuwa na mashine ya kupiga picha ya kichwa. Mtu aliyeanguka shambani akiwa na jembe mkononi aliandikiwa presha, au malaria iliyopanda kichwani, au hakuandikiwa kitu, wakasema amelogwa. Mwaka 2009 Profesa Julius Ogeng'o na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha walichokikuta kwenye mafaili ya Hospitali ya Kenyatta. Wagonjwa walikuwapo, wanawake na wanaume kwa idadi sawa, wengi wao wakiwa kwenye umri wa kati. Na mahali palipoongoza kwa kuvimba palikuwa kwenye ateri ndogo inayounganisha mishipa ya mbele na ya nyuma. Pembeni yake unapita mshipa wa fahamu unaonyanyua kope la jicho. Kifuko kikitanuka hapo kinaubana mshipa huo wa fahamu, na kope linaanguka. Kwa hiyo dalili ya shangazi wa Kanzenze si jambo la ajabu. Jicho lilikuwa linatoa taarifa kabla ya kifuko kupasuka, na waliompeleka Kigali badala ya kumtafutia dawa ya macho sokoni walifanya jambo la maana kuliko wanavyojua.

Dalili hiyo hiyo ndiyo iliyoanzisha upasuaji huu duniani. Tarehe 23 Machi 1937, katika hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, Walter Dandy alimfungua fuvu mwanamume wa miaka 43 ambaye jicho lake lilikuwa limelala kwa sababu ya kifuko kwenye ateri ile ile. Akakifikia, akakibana shingoni kwa klipu ndogo ya fedha. Kabla ya hapo madaktari waliofika mahali kama hapo waliweza tu kukifunika kifuko kwa vipande vya msuli, au kufunga ateri kubwa ya shingoni na kuomba Mungu. Dandy alikibana kifuko chenyewe, akauacha mshipa uendelee kupitisha damu. Kazi ya klipu mpaka leo ni hiyo hiyo, ila sasa klipu ni za titani, zina maumbo mengi, na daktari hafanyi tena kwa macho matupu.

Macho yaliongezewa nguvu na hadubini. Mturuki Gazi Yaşargil, akifanya kazi Zürich, ndiye aliyewafundisha wengi kuufikia msingi wa ubongo bila kuujeruhi. Mfupa unafunguliwa pembeni, mbele ya sikio, palipo laini penye panda la uso. Kisha daktari hauchani ubongo. Anafuata mfereji wa asili ulio kati ya kipande cha mbele na cha pembeni, anakata utando mwembamba unaovishikanisha, uzi kwa uzi, maji ya ubongo yanatoka, ubongo wenyewe unalegea na kumpisha. Saa moja, saa mbili, hajakigusa kifuko. Anatafuta kwanza mshipa unaokilisha, ili mambo yakiharibika awe na mahali pa kuzuia damu. Ndipo anakisogelea. Anaisafisha shingo ya kifuko pande zote mbili, anapitisha klipu, anaiachia ijibane. Kisha anakagua: je, kuna mshipa mdogo ulionaswa ndani ya klipu? Nyuzi hizo za damu nyingine ni nyembamba kuliko uzi wa kushonea, lakini moja ikibanwa mtu anaamka mkono hauinuki, au maneno hayatoki.

Hapo nimeeleza kifuko cha kawaida. Shangazi hana cha kawaida.

Madaktari wanakiita kigumu kwa sababu kadhaa, na mara nyingi sababu hizo huja pamoja. Ukubwa ni mojawapo: kikizidi milimita 25 kinahesabiwa kuwa jitu. Shingo ni nyingine: ikiwa pana, klipu moja haikamati. Vingine ndani vimejaa damu iliyoganda, au ukuta wake umekuwa mgumu kama mfupa, ukibanwa unapasuka au klipu inateleza. Kuna vinavyokaa nyuma kabisa, mbele ya shina la ubongo, ambako mkono wa binadamu haufiki bila kupita mahali pa hatari. Na kuna vile ambavyo mimi naviona vibaya kuliko vyote: mshipa unaolisha sehemu kubwa ya ubongo unaanzia kwenye ukuta wa kifuko chenyewe. Ukifunga kifuko, umeua kipande cha ubongo. Ukikiacha, kinapasuka.

Hapo ndipo ufundi unapoonekana. Daktari anaweza kuufunga kwa muda mshipa unaoleta damu, kwa klipu laini ya muda, kifuko kikanywea, akapata dakika chache za kufanya kazi huku mtu wa nusukaputi akisoma saa kwa sauti. Wengine wanatumia dawa iitwayo adenosini, ambayo inausimamisha moyo kwa sekunde kadhaa. Naam, wanausimamisha moyo kwa makusudi, kifuko kinalegea, klipu inaingia, moyo unarudi. Kwa vifuko vya nyuma Charles Drake wa Kanada alibuni klipu yenye tundu, mshipa wa jirani unapita ndani ya tundu huku meno yakibana mbele yake. Kwa majitu yaliyojaa damu iliyoganda, wanafunga pande zote mbili, wanakipasua kifuko wenyewe, wanatoa yaliyomo, kisha wanaupanga ukuta upya kwa klipu nne, tano, zikilaliana kama inavyohitajika.

Na pale mshipa unapoanzia ndani ya kifuko, wanatengeneza njia nyingine ya damu kabla ya kufunga ile ya zamani. Wanaita mchepuko. Kuna ateri inayopita chini ya ngozi mbele ya sikio. Weka kidole hapo utaisikia ikidunda. Wanaichomoa kutoka kwenye ngozi ya kichwa, wanaipitisha kwenye tundu la fuvu, wanaishona kwenye mshipa wa ubongo wenye upana wa milimita moja au kuzidi kidogo, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Ikihitajika damu nyingi zaidi, wanachukua ateri kutoka mkononi au vena ndefu kutoka mguuni, upande mmoja unashonwa shingoni, wa pili kichwani. Damu ikishapita njia mpya, kifuko kinafungwa bila wasiwasi.

Historia ya mchepuko huu ina funzo kwa mjadala wetu wa leo, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Yaşargil alikwenda Burlington, Marekani, kwenye maabara ya Raymond Donaghy, akajizoeza kushona mishipa midogo ya wanyama. Akarudi Zürich, na tarehe 30 Oktoba 1967 akamfanyia binadamu. Donaghy naye akafanya wa kwake Burlington siku iliyofuata. Upasuaji ukaenea duniani, hasa kwa matumaini ya kuzuia kiharusi. Kisha mwaka 1985 utafiti mkubwa wa kimataifa ukaonyesha kwamba kwa kiharusi cha kawaida haukuwasaidia wagonjwa. Hospitali nyingi zikauacha, vijana wakaacha kujifunza. Ni wachache walioendelea nao, kwa ajili ya hawa wenye vifuko majitu, na leo anayehitaji mchepuko anawategemea hao wachache na wanafunzi wao.

Sasa tumgeukie jamaa wa Ubelgiji, maana hakusema uongo. Mwaka 1990, Los Angeles, Guido Guglielmi wa Italia alianza kutibu wagonjwa kwa koili za platinamu. Mrija unaingia kwenye kinena, unapanda na ateri hadi kwenye kifuko, koili inajikunja ndani mpaka kinajaa, umeme mdogo unaiachanisha na waya wake, damu inaganda humo. Fuvu halijaguswa. Mwaka 2002 matokeo ya utafiti uliowahusisha wagonjwa 2,143 waliopasukiwa yalichapishwa: baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki wakitegemea wengine walikuwa karibu 24 kwa 100 upande wa koili, na karibu 31 kwa 100 upande wa klipu. Tofauti hiyo si ndogo, na Ulaya ikahamia kwenye koili. Baadaye zikaja stenti za kusokotwa zinazowekwa ndani ya mshipa mkuu ili damu ikipite kifuko bila kuingia. Marekani iliidhinisha ya kwanza mwaka 2011. Hizo zimewaokoa watu wengi ambao vifuko vyao vilikuwa vigumu kweli kweli, hasa vilivyo karibu na jicho, na kwa vile vya mbele ya shina la ubongo hata mimi ningeomba mrija kabla ya kisu.

Ila soma utafiti ule mpaka ndani. Wagonjwa waliochunguzwa walikuwa zaidi ya 9,500. Walioingizwa ni wale tu ambao madaktari waliona njia zote mbili zinafaa, na wengi wao walikuwa na vifuko vidogo vya mbele. Cha shingo pana kama cha shangazi, chenye ukubwa kama wake, mara nyingi kiliachwa nje. Kwa hiyo mtu hawezi kuuchukua utafiti huo akampiga nao daktari wa Kigali.

Halafu kuna gharama, na hapa naomba tusione aibu kuzungumza pesa. Koili na stenti hutumika mara moja, zinaagizwa kutoka nje kwa dola, na kifuko kikubwa kinameza koili nyingi. Mwenye stenti anakunywa dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwa miezi, bila kuruka siku. Akiishiwa dawa, stenti inaweza kuziba. Koili nazo hujikandamiza baada ya muda, kifuko kikafunguka tena, kwa hiyo mgonjwa lazima arudi kupigwa picha za mishipa. Kwa mtu wa Brussels hiyo ni safari ya tramu. Kwa mtu wa Kanzenze ni kupanda gari kupitia Musanze, kulala Kigali, kuacha viazi shambani. Klipu iliyokaa sawasawa inakaa maisha yote. Nikiwa na faranga chache za kugawa, najua ningeanzia wapi: hadubini nzuri, klipu za kutosha, na vijana waliofundishwa mikono mpaka ikazoea.

Na mikono hiyo ipo, inaongezeka. Dokta Claire Karekezi, mwanamke wa kwanza wa Rwanda kuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo, alianza kuupenda akiwa mwanafunzi, mwaka 2007, alipokwenda Linköping, Sweden. Akasomea Rabat, Morocco, kwenye kituo cha kufundishia madaktari wa Afrika, akaongeza ujuzi Toronto, na mwaka 2018 akarudi kufanya kazi katika Hospitali ya Jeshi, Kanombe. Mulago, Kampala, imekuwa na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Duke tangu 2007. Zanzibar, pale Mnazi Mmoja, taasisi ya upasuaji wa ubongo ilifunguliwa 2014 kwa msaada wa daktari Mhispania José Piquer na wenzake. Taasisi ya MOI, Muhimbili, Dar es Salaam, imeweka mtambo wa kutibu mishipa ya ubongo kwa mrija bila kufungua fuvu. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: sisemi mrija usije. Tayari umekuja.

Ninalosema ni kwamba tusiuache ufundi wa kisu kabla hatujaushika. Ulaya madaktari vijana wanalalamika kuwa kesi nyepesi zote zinakwenda kwenye mrija, hawana pa kujifunzia, na zile zinazobaki kwa kisu ni ngumu tupu. Yaani mtu anajifunza kuogelea kwenye kina. Sisi bado tuna kesi za kila aina. Na kwa kuwa upasuaji huu unadai mazoezi ya mara kwa mara, haifai kila hospitali yenye fuvu la kufungua ijaribu majitu yake mawili kwa mwaka. Mimi ningetaka Kigali, Kampala, Nairobi na Dar es Salaam wakubaliane: nyie chukueni vifuko vya nyuma, nyie michepuko, nyie mrija. Watu wa Gisenyi na Goma wamezoea kuvuka mpaka na nyanya na vitenge tangu alfajiri. Mgonjwa naye avuke na faili lake, na bima imfuate. Najua mituweli, bima yetu ya afya hapa Rwanda, haijafika huko. Lakini hapo ndipo pa kubishania, badala ya kubishana kama kisu ni cha kizamani.

Yote hayo hayana kazi kama mgonjwa atachelewa. Kifuko kilichopasuka na damu ikajizuia yenyewe kina hatari kubwa ya kupasuka tena ndani ya siku ya kwanza, na mara ya pili wengi hawaamki. Kwa mtu wa Kanzenze safari mara nyingi inaanza kwa kuteremka Gisenyi hospitalini, ndipo gari lipande tena njia ile ile kuelekea Kigali. Kila saa iliyopotezwa mwanzoni inalipwa huko mbele. Maumivu ya kichwa ya ghafla yasiyo na mfano, hata kama yametulia baada ya muda, ni ya kupiga 912 na kuita gari la wagonjwa. Asipewe asprini, kwa sababu inazidisha kuvuja damu. Mshauri wa afya wa kijijini aambiwe neno moja tu, saa ngapi yalianza, alipeleke mbele. Na familia ijue kwamba hata baada ya upasuaji kwenda vizuri, kuanzia siku ya nne hadi kama ya kumi na nne mishipa ya ubongo inaweza kujikaza na kunyima ubongo damu. Ndiyo maana mgonjwa anapewa dawa ya nimodipini kila baada ya saa nne kwa siku 21, hata usiku wa manane, na ndiyo maana daktari anakataa kumruhusu mgonjwa ambaye ninyi mnamwona amepona.

Barua ina swali la pili, nusura nilisahau: je, watoto wa shangazi nao wapimwe? Kama ni yeye peke yake katika ukoo, madaktari wengi hawaoni haja ya kuwapiga picha wote. Kama kuna wawili au zaidi wa damu moja, mzazi, ndugu au mtoto, hapo inashauriwa waliobaki wapimwe, na pia wale wenye ugonjwa wa kurithi wa figo zenye vifuko vingi vya maji. Waliobaki wote wapime presha. Na mwanaye yule ambaye barua inasema anavuta pakiti nzima ya sigara kwa siku, huyo aanze yeye kwenda kituo cha afya, hata kesho asubuhi.